Mashine Zilizobaki kwenye Rafu ya Fundi wa Bomani

Fundi wetu wa kompyuta pale Bomani, mjini Tarime, amefariki. Wengi mlimwita dada, hata mliomzidi umri, na wengi pia mlimkwepa kwa sababu ya mdomo wake. Nilipigiwa simu nikiwa Mugumu, nikavaa, nikakimbilia gari, nikawahi kuzika. Tangu siku hiyo sijatulia. Nikikaa nasimama, nikianza kuandika habari nyingine inanishinda, na mke wangu ameshachoka kuniuliza nina nini. Nina hili, na leo nalisema lote kwa sababu muda wenyewe ni mfupi.

Alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu. Babu yake alikuja Tarime kutoka pwani na hakurudi tena. Kazi yake kubwa, miaka ile kompyuta za nyumbani zilipokuwa bado na mlango wa CD, ilikuwa kupiga windo, yaani kuingiza upya programu kuu mashine inapogoma kuwaka. Mafundi wengine wanachomeka CD, wanabonyeza endelea, endelea, mpaka mwisho, unabeba mashine yako unaondoka. Yeye, mashine ikiandika kosa tu, anasimamisha kazi. Anasoma maneno yote kwa sauti, anakutafsiria, halafu anakuhoji kama uko kituo cha polisi: CD umeitoa wapi, nyumbani inakaa wapi, nani anaishika. Mimi mtu wa haraka nilikuwa naumwa kichwa nikimsikiliza. Wateja walinuna, wakachukua mashine zao kwa hasira, na baada ya siku chache ungewaona wamerudi.

Nilikuwepo dukani kwake siku askari mmoja wa wanyamapori alipokuja kutoka Ikoma na mama yake mzazi. Mashine ya nyumbani ilikuwa imekufa. Mafundi wawili walishajaribu kupiga windo, CD aliyokuja nayo askari ikawa inafika katikati, mashine inaandika kwamba faili halisomeki, basi. Wote wawili walimwambia diski ya ndani imeoza, afute kila kitu au atafute nyingine. Dada alimwamkia yule mama, akajaribu na yeye, ikakwama palepale. Akaitoa CD, akaigeuza mlangoni kwenye mwanga, akainusa. Akauliza nani ameipaka samli. Yule mama akasema ni yeye, wala hakuona ubaya. Aliikuta imefifia kabatini, akaisugua kama anavyosugua vibuyu vyake vya maziwa, na ikang'aa kweli. Tulicheka mpaka mama mwenyewe akacheka. Dada akaiosha kwa sabuni ya maji, akaifuta kwa kipande cha kanga kuanzia katikati kwenda ukingoni, akasafisha na kile kijicho cha mashine kinachosoma CD. Safari hii ikapita.

Ikapita, halafu ikaandika ujumbe mwingine: sehemu iliyochaguliwa itafutwa yote, je, niendelee? Askari akasema, "Futa, dada. Nimeshachoka." Dada akatoa mkono kwenye kipanya. Akamuuliza kuna nini humo ndani. Askari akaangalia nje. Aliyejibu ni mama yake: "Kuna sauti ya mke wake. Mkwe wangu alifariki. Hatuna nyingine." Dada akazima mashine, akafungua kava, akaichomoa ile diski ya ndani na kuiunganisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Haikuwa imeoza hata kidogo. Alihangaika nayo mpaka mchana, mara akabonyeza kitu na tukamsikia mwanamke anaita watoto waje kuoga, kwa Kiikoma, kwa sauti ya juu, huku anacheka. Askari akatoka nje haraka. Yule mama akaitikia, kama vile ameitwa yeye.

Ninyi mnajua mambo yalivyo sasa. Mashine mpya hazina hata mlango wa CD, kila kitu kiko kwenye simu, na simu ikiwa nzito kijana wa dukani anakwambia, "Niirudishe kama mpya?" Unasema ndiyo, huku unaongea na mtu mwingine. Siwalaumu vijana. Wanafanya tunachowaambia, na sisi tunataka haraka. Lakini nakasirika, jamani, nakasirika sana, nikifikiria ni wangapi tumefutiwa watu wetu kwa ndiyo ya namna hiyo.

Sasa sikilizeni. Kwenye rafu ya marehemu kuna kompyuta za watu zimebaki. Alishindwa kuzifuta kwa sababu wenyewe hawakurudi kumjibu kilichomo. Kaka yake, ambaye ni mtu mwema na ana shughuli zake, lazima arudishe fremu ya duka kwa mwenye nyumba. Amesema baada ya arobaini mashine zote zitapelekwa shule, na kabla ya kupelekwa zitapigwa windo upya. Ni sadaka nzuri kwa jina la dada yake, na nani atapinga watoto kupata kompyuta? Hata hivyo nilimwomba tuwashe moja. Haikuwa na jina la mtu. Ndani tulikuta picha za harusi ya nyumbani: bibi harusi wa gauni la njano amefumba macho kwa kicheko, na kando yake mzee anapiga litungu, ile ala ya nyuzi, mdomo wazi, anaimba. Tuliwauliza majirani wa duka, hakuna anayewafahamu. Mzee kama yule leo huenda hayupo.

Fundi yule amenifundisha jambo moja, nalo nawaachia: kabla hujamruhusu mtu afute, jua unamfuta nani. Kama uliwahi kuacha mashine Bomani, kutoka Sirari, Morotonga au popote, nenda kaichukue wiki hii. Nimemwomba kaka yake asubiri kidogo. Hakuniahidi.