Ganda Lilikuwa Baridi

Mama Fagio, kama walivyomwita kwenye uwanja wa shabaha, aliokota maganda ya risasi kila jioni, wateja wakishaondoka. Siku yake ya kustaafu, mkufunzi akampa bastola kuukuu, nzito kama pasi.

"Mama, leo na wewe ufyatue moja."

Akafyatua. Mikono ikaruka, masikio yakaziba. Kwa mazoea akainama kuokota ganda, likamwunguza vidole.

"Pole, mama! Likitoka huwa la moto."

Mama akalitazama lilipoanguka. Lile aliloliokota kando ya maiti ya mwanawe lilikuwa baridi kama jiwe, na majirani walimwapia kwamba kijana ndiyo kwanza amepigwa, nao wametoka mbio kumsaidia. Kumbe walichungulia madirishani mpaka kila kitu kikapoa.

Na sasa hao hao walikuwa nyumbani, wakimngojea wampongeze.