Birika Lisilo na Kelele

Shemeji yangu, mke wa kaka, hajui kunong'ona. Akiomba chumvi jikoni kwetu, jirani naye anainuka kuitafuta. Ndiyo maana tulicheka aliposema birika lake jipya la kunyweshea ng'ombe halitatoa sauti hata kidogo.

Yeye ni fundi bomba, na gundi ya mabomba haimtoki vidoleni hata akivaa nguo ya kutokea. Tangu aolewe kwetu amemwona mama akitoka alfajiri na ng'ombe wake kwenda kisimani, kule bondeni, na kurudi jua likizama. Bondeni kumebaki vumbi tupu kwa kukanyagwa na kwato. Huku kwetu nyasi zinasimama mpaka zinakauka bila mlaji, kwa kuwa hakuna maji. Wachungaji tuliomwajiria mama aliwafukuza wote, eti hawajui kusema na ng'ombe. Mwaka huu magoti yakamgomea. Siku moja tukiwa tunakula akatangaza kwamba Jumamosi mnunuzi atakuja kuwachukua ng'ombe wote, kisha akasukuma sahani pembeni.

"Mama, usiwauze kwanza," shemeji alisema. "Maji yanakuja huku."

"Mwanangu, maji yana miguu?"

"Yana bomba."

Hakuwa anajisifu bure. Alishafunga pampu mpya ya sola kisimani, akalaza bomba mpaka kwenye tangi la kilimani, na kutoka hapo hadi kwenye birika la saruji nyuma ya nyumba. Kilichobaki ni kufunga koki na boya lake, lile dude linaloelea na kuziba maji birika likijaa. Kwenye koki akachomeka mpira uliozama mpaka chini, maji yaingie kimya, ng'ombe wasishtuke. Mimi nikamwambia angejifungia na yeye mpira mmoja mdomoni. Alinirushia spana, kwa bahati nzuri ndogo.

Jumamosi asubuhi birika lilikuwa limejaa pomoni. Mnunuzi naye alishafika, ameegemea lori lake. Mama akamtanguliza Bibi Harusi, ng'ombe mkongwe aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake wa maringo, ambaye wenzake wote humfuata. Bibi Harusi akanusa maji, akapuliza pua, akageuka kushika njia ya bondeni. Kundi zima likageuka naye.

Mama akaketi juu ya jiwe. Shemeji akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana sikuwahi kumwona hivyo. Akaenda birikani, akauchomoa ule mpira, akakandamiza boya ili anawe uso. Nadhani alitaka kuficha machozi.

Maji yakaporomoka kutoka kwenye koki, yakapiga birika kwa kishindo.

Bibi Harusi akasimama. Masikio yakainuka. Akageuza shingo taratibu, kisha akarudi mbio, na maringo yote akayaacha njiani.

"Huyo maisha yake yote kamiminiwa kwa ndoo," mama alisema, huku kicheko kikimtikisa mabega. "Asiposikia maji yakimwagwa, hajaitwa."

Shemeji akautupa ule mpira mbali. Ng'ombe wakajipanga pande zote mbili za birika, na kila walipopunguza maji boya lilishuka, koki ikafunguka na kumwaga mengine kwa kelele. Shemeji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kwa sauti yake ileile ya siku zote. Nilifurahi mpaka nikasahau kumtania.

Mnunuzi akamsogelea mama. "Mama, tuanze kupakia?"

"Sema kwa sauti, baba. Haya maji yana kelele."

Akauliza tena, safari hii kwa kupaza sauti. Mama akatikisa kichwa, hajasikia. Akauliza mara ya tatu, akaishia kucheka mwenyewe na kurudi kwenye lori lake.

Masikio ya mama hayana kasoro yoyote.