Viroboto Nyumbani kwa Bi Tatu

Paka yule nilimuua mimi. Bi Tatu alimshika, mimi nikammwagia, lakini dawa ilikuwa yangu, na mdomo uliosema "tujaribu hii" ulikuwa mdomo wangu. Nasema mapema kwa sababu pale mtaani Isevya kisa hiki kinasimuliwa kwa namna tatu nne, na katika zote mimi natoka msafi kama sahani iliyooshwa. Sipendi kusingiziwa wema.

Bi Tatu ni mwenye nyumba wangu. Nimepanga chumba cha uani kwake, huu ni mwaka wa sita. Mimi ni Veneranda, muuza asali wa stendi, binti wa mkulima wa tumbaku wa kule Sikonge, na Jumapili nakwenda kanisani. Yeye ni mwenyeji wa mji hasa; babu wa babu yake aliingia Tabora na misafara ya kutoka Ujiji, akaona pamemtosha, akajenga. Tumeishi bila neno. Akipika pilau, sahani yangu imefunikwa mezani. Nami nikipata asali mbichi, chupa ya kwanza ilikuwa ya mumewe, Mzee Majidi.

Mzee Majidi alikuwa seremala. Kitanda alichokuwa akilalia alikitengeneza kwa mikono yake, mninga mtupu, kizito hata wanaume wanne wakikiinua wanataja majina ya mama zao. Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha karakanani. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi ukabakiwa na neno moja tu: haya. Ukimwamkia shikamoo, haya. Uji ukimuunguza, haya. Mkono wa kushoto ulibaki na nguvu kidogo, za kumpapasa paka na si zaidi. Paka mwenyewe, Kaimati, mnene, rangi ya maandazi, alikuwa akipanda kifuani kwa mzee kila asubuhi baada ya chai, na vile vidole vilikuwa vikitembea mgongoni mwake hadi adhuhuri. Ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia fundi yule, na aliifanya kwa makini.

Kitu kingine cha kujua kuhusu Bi Tatu ni mikeka. Kina mama wa mtaa wetu tuna chama cha kuzikana, Waislamu kwa Wakristo, na chama kina mikeka ishirini na miwili. Palipo na msiba inatolewa, msiba ukiisha inarudishwa. Mtunzaji ni Bi Tatu tangu chama kianze, na heshima ile aliivaa kama kanga ya sikukuu. Mikeka ilikaa chumba cha pembeni, ukuta mmoja na chumba cha mgonjwa, imepangwa mpaka usawa wa dirisha. Ina miko yake. Inatoka imekunjwa na kurudi imekunjwa. Haikunjuliwi ndani ya uzio usio na msiba, maana ukiikunjua bure umeuita. Kuifua na kuikung'uta ni kazi ya waliofiwa, na nani ana uso wa kumuuliza mfiwa kama amekung'uta mikeka? Basi ilirudi, ikapangwa, na juu yake akalala Kaimati, kwa kuwa palikuwa na joto zuri.

Viroboto walianza siku chache kabla ya mwezi wa mfungo. Mimi niliona vipele kwenye vifundo vya miguu, vitatu vitatu kwa mstari, nikalaumu mbu. Wiki iliyofuata nikamwona mmoja akiruka kwenye soksi nyeupe, nikaacha kulaumu mbu. Kufika sikukuu ya Idi tulikuwa tunajikuna sote, wageni wanajikuna, na mwalimu wa madrasa aliyekuja kumwombea mgonjwa dua aliikatisha katikati akajishika kiuno.

Lakini sisi tulikuwa na kucha na mikono ya kuzitumia. Mzee hakuwa nayo. Walimpanda miguuni, kiunoni, chini ya mikunjo ya shuka, wakamla huku akiwasikia mmoja mmoja, na lile jicho lake la kushoto likazunguka chumbani likitafuta mtu. "Haya," anasema. "Haya, haya, haya." Bi Tatu anaacha chungu jikoni, anakuja na gunzi la mahindi, anamkuna polepole. Akimaliza mguu, mgongo unaanza. Nimemwona akikuna mpaka mkono unachoka, kisha anahamishia gunzi mkono wa pili. Vipele vikawa vidonda. Muuguzi wa zahanati aliyekuja kumfunga vidonda alinivuta pembeni akasema, mtu wa kulala hivi, vidonda vikimwingia usaha, hakai muda mrefu.

"Vene," Bi Tatu aliniambia siku ile, "mimi siombi apone. Nilishaacha kuomba hilo. Naomba tu asife anawashwa."

Usidhani hatukupigana. Tulimwaga majivu, viroboto wakatembea juu yake. Tulichemsha mwarobaini tukadeki nyumba nzima, ikanuka uchungu siku nne, na siku ya tano walikuwa wamerudi. Mafuta ya taa yalimkohoza mgonjwa. Dawa ya unga ya dukani iliua wale wa sebuleni, tukashangilia kama watu waliopata maji ya bomba, na baada ya wiki wakaja wengine wadogo, wepesi, wenye njaa. Magodoro yalianikwa, shuka zikachemshwa. Bi Tatu alikonda, macho yakamwingia ndani. Kila nilipomwambia, "Na chumba cha mikeka je?" alijibu kwamba kule ameshanyunyiza mlangoni, inatosha. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilijua miko, na kwa sababu nilikuwa na jibu langu kichwani ninalojivunia.

Jibu lenyewe lilikuwa tumbaku. Kwetu Sikonge, ndama akijaa kupe, baba anachukua majani yaliyovunjika ya tumbaku, anayaloweka kutwa, anamwogesha ndama kwa maji yale. Kupe wanadondoka. Nimeliona tangu utoto, sikuwa na shaka hata chembe. Nikaagiza mfuko wa majani kwa kaka yangu, nikaloweka kwenye ndoo, maji yakawa meusi kama kahawa ya barazani.

"Ndama hafi?" Bi Tatu aliuliza.

"Hafi, anapendeza."

"Na paka?"

"Bi Tatu, paka na ndama wote wana manyoya."

Hiyo ndiyo akili yangu yote niliyoitumia siku ile. Tulimwogesha Kaimati saa tatu asubuhi, akatupiga makucha, hata tukacheka. Ilikuwa muda mrefu hatujacheka. Tukamwachia kwenye jua akauke. Na paka akilowa anafanya nini? Anajiramba. Ndama hajirambi mwili mzima kuanzia mkia hadi masikio, paka anajiramba, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama anavyojiramba, nikasema, "Ona anavyojisafisha." Haikupita nusu saa udenda ukaanza kumtoka. Akatembea kama mlevi, akaanguka, miguu ikatetemeka. Tulimnywesha maziwa, yakarudi. Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekufa mapajani mwa Bi Tatu, na viroboto walikuwa wanamtoka kwa makundi, wazima wa afya, wanapanda kwenye kanga yake.

Tulimzika nyuma ya choo. Bi Tatu hakunilaumu, na ningefurahi angenilaumu.

Kesho yake baada ya chai Mzee Majidi aliuweka mkono kifuani akasubiri. Vidole vikapapasa shuka, vikaenda mpaka pembeni, vikarudi. Jicho likamtazama mkewe.

"Ametoka," Bi Tatu alimwambia. "Atarudi."

"Haya," alisema mzee, na vidole vikaendelea kupapasa shuka tupu mpaka adhuhuri. Ikawa hivyo kila siku. Na kwa kuwa paka hakuwepo tena wa kuliwa, viroboto wote walihamia kwake. Kiuno kikafunguka kidonda cha ukubwa wa kiganja. Gunzi likawa linatoka na damu.

Ndipo nikafunga meza yangu ya asali mchana kweupe nikaenda kwa Lugembe, bwana mifugo anayekaa Chemchem, nikamweleza yote pamoja na ujinga wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Dada, tumbaku ni sumu. Mngeweza kujiua hata nyinyi," alisema. "Halafu mmehangaika na paka bure. Wale unaowaona juu ya mnyama ni wachache. Mayai yanadondoka pale anapolala, watoto wanakulia kwenye vumbi, gizani. Niambie, paka alikuwa analala wapi? Kuna kitu gani humo ndani hakijaona jua mwaka mzima?"

Nikaona mikeka ishirini na miwili, na Kaimati juu yake. Akanipa dawa ya kunyunyiza na maelezo: kila kitu nje juani, mzee atolewe chumbani dawa ikauke, na kurudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya watakaokuwa wameanguliwa.

Nilimkuta Bi Tatu amekaa kizingitini mwa chumba cha mikeka, gunzi mkononi.

"Bi Tatu, ni mikeka," nilisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nimejua tangu mfungo. Nilipoitoa kwa msiba wa kina Sabiri, niliuinua wa juu tu, wakaniruka usoni kama mchanga." Alikuwa hanitazami. "Iliporudi nikaipanga vilevile, nikafunga mlango. Vene, mume wangu yuko nyuma ya ukuta huu hapa. Nikunjue mikeka ya msiba, na mgonjwa ndani? Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niuite? Nikasema acha nijaribu majivu. Nikajaribu dawa. Ulipokuja na tumbaku yako nilishukuru, nikasema labda ni paka. Nilitaka awe paka."

Hapo alilia. Nami nililia, na kusema kweli nilikuwa na hasira pia, naye na mimi mwenyewe na ishirini na miwili ile iliyokaa gizani imejaa. Nikamwambia niache nikunjue mimi, kwetu miko hiyo haipo.

Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Hapana. Mgonjwa ni wangu, mikono iwe yangu."

Jumamosi asubuhi tuliwaita vijana wanne wa karakana, wakambeba mzee na kitanda chake mpaka barazani kwa mbele. Bi Tatu akaingia chumba cha pembeni, akatoka amekumbatia mkeka wa kwanza. Akasimama nao katikati ya uwanja. Midomo ilikuwa ikisoma kitu. Kisha akaushika pembe akautupa, ukakunjuka wote juani, na lile vumbi lililotoka lilikuwa linaruka lenyewe.

Tulikuwa kwenye mkeka wa saba Bi Najiat, mwenyekiti wa chama, alipochungulia uzioni. Akashika kichwa.

"Tatu! Una mgonjwa ndani halafu unakunjua mikeka? Unamwita nani?"

"Mauti nimwite wa nini, kwani hajui njia?" Bi Tatu alijibu bila kuinua uso. "Amepita nyumba zote za mtaa huu, Najiat. Na kila alipopita tumepeleka mikeka hii, tukamkalisha mfiwa juu yake aliwe. Ingia ushike fimbo, au utupishe jua."

Bi Najiat hakuingia, lakini hakuondoka. Mwishowe alitwaa fimbo akasimama upande wa nje wa uzio, akakung'uta ule wa karibu naye, huku analalamika.

Tulikung'uta hadi alasiri. Tukanyunyiza, tukadeki, tukaziba nyufa za sakafu kwa saruji. Baada ya wiki mbili tukarudia, kama Lugembe alivyosema. Wiki ya tatu gunzi lilikuwa limekauka juu ya kabati. Kidonda cha kiunoni kikaanza kufunga kutoka pembeni. Mzee Majidi alikuwa analala mchana, kinywa wazi, akikoroma. Saa za paka zilipofika Bi Tatu alikuwa akikaa chini kando ya kitanda, anaegemeza kichwa chake chenye mtandio pale kifuani, na vile vidole vinakipapasa polepole mpaka adhuhuri. Sijui kama mzee alijua si Kaimati. Nadhani alijua.

Alifariki Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri, siku arobaini na kitu tangu ile Jumamosi. Alilala tu asiamke.

Unaweza kubuni mwenyewe yaliyosemwa. Yalisemwa bombani, yakasemwa sokoni, na wengine hawakusubiri hata maiti itoke: si tulimwambia, kaikunjua, msiba umekuja. Bi Najiat nilimsikia akimkemea mmoja wao, lakini na yeye sauti haikuwa na nguvu.

Mikeka ilitolewa chumba cha pembeni ikatandikwa sebuleni, ukumbini, mpaka uani. Wanawake walijaa. Bi Tatu alikalishwa karibu na ukuta, amejifunika kanga nyeupe, mdogo kuliko nilivyomzoea. Nilikwenda kukaa ubavuni mwake. Watu walikuwa wanakuja, wanampa pole, wanaondoka. Kisha akaniinamia.

"Vene. Hapo ulipokaa, kuna kitu kinakuuma?"

"Hapana, Bi Tatu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliuweka mkono juu ya mkeka, vidole vikatembea mpaka ukingoni, vikarudi.

"Haya," alisema.