Maji ya Kufulia Kwenye Kona

Mdomo Mungu alinipa mimi, shule akawapa wengine. Basi sikilizeni. Hii barabara ya Kishushe mnayoilalamikia mashimo, zamani ilikuwa barabara ya mashindano ya magari. Haki ya Mungu! Pasaka ikifika, magari yalikuwa yanapanda kutoka Voi, yanapita hapa hapa kwetu. Hakuna uzio, hakuna tiketi. Ng'ombe walitumia njia ile ile, na sisi tukienda kanisani pia.

Tulikaa ukingoni tangu asubuhi na viazi vyetu vya kuchemsha. Ukisikia mlio kule chini, bado. Ukiona vumbi jekundu limesimama, hapo sasa shika watoto! Halafu wanaume wanabishana wiki nzima: huyu alikata kona vizuri, yule alilala. Baba yangu, ambaye hata baiskeli hakuwahi kuendesha, ndiye alikuwa mwalimu wao.

Sasa mwaka mmoja, mimi msichana sijaolewa, nilipewa sare za kwaya nifue. Blauzi nyeupe tupu. Nikazianika kwenye ua wa miti ya manyara, pale kwenye kona. Nikawaza, magari yakipita hapa, hizi nguo zitageuka matofali, na mama wa kwaya ninamjua. Nikachukua yale maji ya kufulia, karai baada ya karai, nikamwaga barabarani vumbi lilale. Si uani tunanyunyiza hivyo kila siku kabla ya kufagia? Sikuona ubaya.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika tumbo. "Dada, leo unaogesha barabara?"

"Nyamaza wewe, ama utazifua tena peke yako."

Akaja akakaa kwenye ukingo pale pale, maana ndipo hapakuwa na vumbi.

Udongo wetu ukilowa ni utelezi mtupu, na mimi nilikuwa nimemwaga na povu lake. Gari la kwanza liliyumba, likapita. La pili liliteleza, likaja ubavu ubavu mpaka likapanda ukingo. Blauzi hata moja haikuguswa. Mguu wa mdogo wangu ulisagika.

Dereva alikuwa kijana, mgeni. Aliacha mashindano yake, akambeba kwenye gari lile lile, akamkimbiza hospitali Voi. Mguu ukakatwa. Baadaye yule kijana alikuja nyumbani mara tatu, mara ya mwisho na sukari na blanketi. Mama hakumpa hata kiti.

"Toka! Umeniharibia mtoto, sasa unaniletea sukari?"

Kijana analia, anasema gari liliteleza tu, hajui kwa nini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ninajua kwa nini. Nikanyamaza. Jua lilikuwa limekausha ile kona kabla mtu yeyote hajauliza.

Mama alikufa akimlaani yule mtu. Magari nayo yakapungua mwaka hadi mwaka, yakapelekwa mbali kwenye njia za kufungwa, watu wa kawaida hawapiti. Siku hizi tunayaona kwenye simu.

Mwaka jana nilikwenda Bomeni kwa mdogo wangu, anakaa na binti yake. Mwili umechoka, nikaona nisife na hilo jambo. Tukiwa wawili tu, chai iko mezani, nikamwambia yote. Maji, povu, blauzi.

Aliweka kikombe chini. Halafu akauliza, "Yule kijana alikuja mara tatu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ile ya tatu, mimi ndiye nilimwambia mama amfukuze. Nilimwambia sitaki kumwona." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mlangoni."

Akavuta magongo yake, akainuka, akatoka nje. Nikabaki na vikombe viwili. Jioni binti yake ndiye alinisindikiza stendi.

Tangu hapo napiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Anashika binti yake.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama ameenda shambani."

Shambani, na magongo, jua la saa saba. Nasema, "Haya mwanangu, msalimie." Jumapili ikifika napiga tena.