Mgonjwa Niliyempa Diklofenaki Mara Tatu

Siku ya pili ya mafunzo ya matatizo ya mgongo, pale Bukoba, mkufunzi wetu alituuliza swali. Alikuwa mama mtu mzima, daktari aliyefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati za vijijini.

"Mgonjwa wa mgongo akiingia kwako, nani kati yenu matabibu humuuliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unatoka vizuri, kama nyumbani kuna amani?"

Mimi sikuwa nikiuliza.

Nilimkumbuka mjane mmoja, mkulima wa kahawa, aliyekuja kwenye zahanati yangu kule Muleba mara tatu. Mara zote nilimwandikia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, bila hata kumwinua kitini. Mara ya mwisho alisema, "Daktari, miguu imekuwa kama si yangu." Nikamwambia apunguze kupalilia.

Wakati wa chai nilimpigia simu muuguzi wa zahanati yangu. Yule mjane hakuwa ameonekana kwa wiki tatu. Nikamweleza mkufunzi.

"Usisubiri mafunzo yaishe," alisema. "Kamtafute. Na ukifika usianze na mgongo. Anza na yeye."

Kesho yake nikapanda basi la Muleba, kisha bodaboda. Njia nzima nilikuwa na hofu moja tu: kukuta turubai na viti vya msiba uani kwake.

Nilimkuta kwenye mkeka, kando ya migomba.

"Karibu, waitu, mtu wetu. Nilidhani umenichoka."

Nikakaa chini, nikamwacha aongee. Alikuwa akipata homa za jioni, na gauni lilikuwa limempwaya. Mumewe alikufa akikohoa. Aliogopa kunieleza, majirani wasije wakaikimbia nyumba yake. Nilipompapasa uti wa mgongo, vidole vyangu viligusa kinundu kigumu. Nikamwomba asimame. Magoti yakakunjika, nikamdaka.

Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alimeza dawa miezi mingi, na leo anatembea kwa fimbo, ila mguu wa kushoto haukurudi sawasawa. Nilipomwomba msamaha alitazama pembeni, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nami nafundisha matabibu wapya. Tukifika sehemu ya kumpapasa mgonjwa, huwataka wairudie mara tatu, nami sijawahi kuwaambia kwa nini.