Tundu la Mdudu katika Mafungu ya Mwalimu

Mama Sindano hakufundishwa kushona vitabu. Alianza kwa kufagia karakana ya majalada, akawa anachukua vilivyotupwa, anavifumua uzi kwa uzi na kuvirudisha. Leo karakana ni yake, pamoja na ile mashine ya chuma ya kukatia kingo, ambayo aliipata kwa kubishana na mwenye nayo siku tatu mpaka yule bwana akachoka kumwona mlangoni. Kitabu kumshinda? Hakuwahi kukiona. Mpaka mjane wa mwalimu alipoweka mfuko wa sandarusi mezani.

"Ni maelezo ya marehemu," alisema mjane. "Vitabu vya historia vya Waebrania. Miaka thelathini, kwa mkono wake. Chuo kimekubali kuvihifadhi, wanakuja Ijumaa. Nataka vifungwe alivyovipanga yeye."

"Alivipangaje?"

"Ndiyo taabu yenyewe. Shemeji yangu alipohamisha kabati, alivimwaga vyote mfukoni."

Mafungu ya karatasi yalikuwa manane. Kila moja lilikuwa na jina juu, na namba hakuna. Mama Sindano alipima kingo kwa kucha. Maandishi yalifika karibu kabisa na ukingo: zikikatwa mara moja, basi. Akikosea mpangilio, atakayefumua na kukata tena atakata maneno ya mwalimu. Na nakala nyingine haikuwapo duniani.

Shemeji huyo, ambaye ni mhubiri, alipita kesho yake.

"Mama, unahangaika nini? Fungua Biblia yako ufuate. Ruthu baada ya Waamuzi, Nyakati baada ya Wafalme. Hata mtoto wa shule anakujibu."

"Mbona kaka yako Ezra na Nehemia kawatia uzi mmoja?"

"Uzi uliadimika."

"Na shemeji yako ananiambia marehemu alikuwa akiwaita Yoshua na wenzake mpaka Wafalme manabii wa kwanza, kama Waebrania wanavyowaita."

"Wafalme nao manabii?" Mhubiri alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kaka alikuwa amechoka, Mungu amrehemu."

Alipoondoka, Mama Sindano akaona heri asome mwenyewe. Hapo ndipo kichwa kilipomgeuka. Samweli alikufa kitabu chake hata hakijafika katikati, na habari zikaendelea kana kwamba hakuna msiba. Yoshua naye alizikwa ndani ya kitabu chake mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwamba wengine huwataja manabii Gadi na Nathani kuwa ndio waliomalizia kazi ya Samweli, na wengine husema waandishi walikuwa wengi na majina yao yamepotea.

"Yaani jina la huyu, mkono wa yule," alinung'unika. Karakanani kwake kila kazi ina mwenyewe. Mtu akija kudai kitabu, anaulizwa nani kakileta. Hapa angemuuliza nani?

Halafu akapata alichokitaka. Nyakati iliishia kwa amri ya mfalme wa Uajemi ya kuwaruhusu Waebrania warudi kwao, na Ezra ikaanza kwa amri ileile, karibu neno kwa neno. Maungio hayo! Akaiweka Nyakati mbele ya Ezra, akatunga uzi, akatoboa tundu la kwanza.

Ndipo akaona kuna tundu jingine, ambalo hakulitoboa yeye.

Lilikuwa la mdudu mla karatasi. Lilikuwa pana upande wa chini wa Nyakati, likapenya fungu lote. Akaweka Ezra chini yake: halikuendelea. Akaweka Ezra juu yake: likaingia sawasawa, jembamba kidogo. Likapita Esta, likafia Ruthu. Wafalme walikuwa na tundu lao mbali kabisa, nalo lilipanda Samweli na Waamuzi, likaisha kwa Yoshua.

Wadudu wawili, marundo mawili. Na wote wawili walipanda kutoka chini, tundu likipungua upana, kwa hiyo Yoshua na Ruthu ndio waliokuwa juu.

Akazidi kuchanganyikiwa. Kwa mpango wa mdudu, watu wanarudi kwao kwa Ezra na ukuta unajengwa kwa Nehemia, kisha Nyakati inakuja mwisho kabisa kuwapa ruhusa ya kuondoka! Nani anapanga hivyo? Aliinua Nyakati, akaishusha, akaiinua. Maneno yalimvuta huku, tundu likimvuta kule.

Alhamisi akamwita mjane.

"Lile kabati lilikuwa na rafu ngapi?"

"Za vitabu hivi? Mbili. Ya juu alikataza nisiguse, na ya chini alikataza zaidi."

"Yoshua alikaa na Ruthu?"

Mjane akafikiri. "Sijui, dada. Mimi nilikuwa napeleka chai tu. Ila akimaliza rafu ya juu alikuwa anapumzika wiki nzima kabla ya kugusa ya chini."

Mama Sindano akarudi mezani. Alishona majalada mawili: mafungu manne kwa manne, Nyakati ikawa ya mwisho kabisa. Akayapanga chini ya kisu, akashika mpini.

"Una hakika?" mjane aliuliza.

"Sina. Shemeji yako ana Biblia, mimi nina mdudu. Lakini mdudu ndiye aliyekuwemo kabatini."

"Basi kata."

Akakata.