Jumbe Aliyeogopa Ulimi Wake

Watu wa hapa Majengo hunisalimia haraka haraka ili wapate kuniuliza habari za Jumbe, kama kwamba Jumbe ni sinema. Basi nitaeleza mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwambia akatafute kazi. Nyumba ni yangu mimi, Bi Mgeni, vyumba sita na ua mmoja, na Jumbe na mkewe Lela walipanga chumba cha pili tangu kabla ya hali ya hatari. Kuta za udongo hazifichi kitu. Ninayoyasema niliyasikia kwa masikio yangu, wala sikuyatega.

Jumbe alikuwa fundi cherehani, barazani pa duka moja la Mhindi kule Eastleigh. Na mdomo alikuwa nao, wallahi. Akipita Gikomba, wauza samaki walikuwa wakicheka kabla hajasema kitu. Mkewe ndiye aliyepata utani zaidi. Mchuzi ukizidi chumvi, Jumbe atatoka uani anitangazie mie kwamba kesho anamrudisha huyu kwao, aoe mpishi. Lela naye atamjibu kutoka ndani kwamba nauli ya kwao ni ghali kuliko chumvi. Watacheka mpaka na mimi nicheke, na mie si mtu wa kucheka ovyo. Walipendana, nasema wazi. Hawakujaliwa mtoto, na hilo halikuwatenga.

Ugonjwa uliingia mwezi wa Ramadhani, mwaka wa hamsini na tano. Msikitini, baada ya alasiri, Mwalimu Abdurahim alisomesha habari za talaka. Akasema kuna mambo hayana mzaha: mtu akimwacha mkewe kwa utani, amemwacha. Ndivyo dini isemavyo, na wanaume wote waliokuwapo waliitikia kisha wakaenda zao kufuturu. Jumbe hakufuturu. Alirudi uso umempauka, akakaa kizingitini akiukumbuka utani wake wote wa miaka tisa ya ndoa. Kusema namrudisha kwao, je, si talaka hiyo? Alikusudia? Hakukusudia? Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini huyu hakuwa na kidonda chochote. Alijikuna mwenyewe mpaka kikatokea.

Asubuhi akamwendea Mwalimu. Mwalimu Abdurahim ni mtu mpole. Alimwambia ndoa yake ni nzima, maana yakini haiondolewi na shaka, na huo ni waswasi wa shetani, asiusikilize. Jumbe akarudi amechangamka, akala daku usiku ule kama kawaida yake. Kesho yake shaka ikamrudia. Je, alimweleza Mwalimu sawasawa? Labda alipunguza neno. Akaenda tena. Ikawa kila siku anakwenda, na Mwalimu hakuchoka, au alichoka akaficha.

Maji yalipozidi unga, Jumbe akaomba afungishwe ndoa upya, ili neno la zamani life. Mwalimu alikataa, kisha akamhurumia. Nikatandika mkeka uani, nikapika kahawa, na Lela, mke wa miaka tisa, akajitanda kama mwari. Wiki ile Jumbe alicheka tena. Wiki ya pili akakumbuka kwamba shahidi mmoja alikuwa akisinzia. Ni kweli alisinzia, mzee yule husinzia hata akitembea. Ndoa ikafungwa tena, na tena, mpaka wanawake wa mferejini wakamwita Lela bibi harusi wa kila mwezi. Mie niliwapasha wakapashika. Lela aliteka maji yake akaondoka.

Mwisho Jumbe akaona dawa ni kutosema naye kabisa. Neno asilolitamka, alidhani, haliwezi kumwacha mtu. Akitaka chai, atasimama uani aniambie mie nimwambie Lela amletee chai. Lela huyo hapo, mkono unamfikia. Namwambia Lela, Lela analeta. Na kila jioni huja na swali, nimpelekee: leo amenena kitu bila kujijua, hata kwa kunong'ona? Lela hujibu hakunena. Ataniambia nimwulize tena, kama ana hakika. Nitauliza tena, Lela atajibu tena. Jamani, hata karafuu hunuka ukiitafuna kutwa. Ikafika Lela haendi tena soko la Burma kununua nyama, haendi harusini, haendi popote, kwani akitoka, nani atamshuhudia Jumbe? Alikonda mpaka pete ikawa haikai kidoleni. Aliifunga uzi.

Ushauri ulikuwa mwingi. Owino wa chumba cha nne, mtu wa reli na Mkristo mwema, alisema apelekwe Mathari kwa madaktari wa akili. Wengine walisema ana pepo, apungwe. Lela aliwakatalia wote. Aliwaambia mumewe si mwendawazimu, anamwogopa Mungu tu, na tangu lini kumwogopa Mungu kukawa wazimu? Nikaona ana hoja. Lakini nilimwona pia akiuma upindo wa leso yake asilie.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Jumbe alirudi mapema, akaoga, akaingia chumbani, akamwita mkewe kwa jina. Mie niliangusha upawa. Miezi mingi hakuwa amelitaja jina lile, na Lela aliitika kwa furaha mpaka nikaona haya kusikiliza. Sikuondoka, lakini. Jumbe alimshukuru kwa kila kitu, akamwomba radhi. Sauti yake ilikuwa imetulia, ya fundi anayepima kitambaa kabla hajakata.

"Lela binti Zahoro," alisema, "nimekuacha kwa talaka tatu."

Halafu akalala. Mchana ule ule, nasema, alikoroma mpaka chumba cha sita wakamsikia. Alichokuwa akikiogopa amekwisha kukifanya, kimebaki nini cha kumwamsha? Lela alikuja kwangu na mzigo wa nguo. Nilingojea alie. Alijinyoosha kitandani pangu, akageukia ukuta, akalala naye pia.

Asubuhi nikampelekea Mwalimu Abdurahim habari, akaja, akakaa uani. Jumbe alikuwa barazani kwetu, hathubutu kuingia. Mwalimu akamweleza Lela polepole. Talaka ya mtu aliyezidiwa, asiyejitawala, haipiti, na wao wangali mke na mume. Lakini kama Jumbe alikuwa na akili zake na akakusudia, imepita, na kwa tatu hawarudiani mpaka kwanza aolewe na mwingine, naye aachike. Jumbe mwenyewe amekwisha ulizwa, akasema hajui.

"Wewe ndiye uliyekuwepo," Mwalimu akasema. "Alikuwa na akili zake?"

Mlango huo umefunguliwa. Mwanamke bado kijana, anajua kazi, na kaka yake yuko Mombasa ameshamwita mara nyingi. Neno moja tu, ndiyo, na neno lenyewe lilikuwa kweli. Mie niliisikia sauti ile. Sijapata kumsikia Jumbe ametulia vile. Moyoni nilikuwa nikimsukuma Lela kwa mikono miwili.

"Hakuwa na akili zake," Lela akasema.

Mwalimu akasoma dua, akanywa kahawa yake, akaenda. Kule barazani Jumbe akaanza kulia, na sikujua kama ni furaha au ni kule kuambiwa yeye ni mwendawazimu. Nikaingia chumbani kwangu nikamkuta Lela ameshaubeba mzigo wake, anaurudisha chumba cha pili. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimekasirika, sifichi. Nikamwambia amesema uongo mbele ya Mwalimu. Siku zote hizi anabishana na watu kwamba mumewe ana akili timamu, na siku ile moja ambayo kusema hivyo kungemfungua, amesema kinyume.

Aliuweka mzigo chini kidogo.

"Mama," akasema, "kama alikuwa na akili zake, basi ameniacha kwa kutaka. Hilo siwezi kukaa nalo."

Nikamwachia mkono. Tulipotoka, Jumbe alikuwa amesimama uani akiningoja mimi, nimwulize mkewe kama ana hakika.